Kioo cha Buluu cha Kanisa la Mlondo

Tegeni sikio, kisha tegeni na moyo, maana hukumu ya hadithi hii iko mikononi mwenu.

Katika kanisa la Mlondo, juu milimani Utaita, madirisha ya vioo vya rangi hayaandikwi majina. Kila dirisha hubeba alama ya marehemu mmoja pembeni: jembe, kuku, kibuyu. Mtoto akiuliza, "Kuku huyu ni wa nani?" mkubwa aliye karibu lazima amsimulie, hata kama mahubiri yameanza. Na anayechagua alama ni yule aliyelitengeneza dirisha.

Mwaka ambao mlima uliporomoka, matope yalifukia nyumba, yakavunja na dirisha kubwa la Mwanamke Msamaria kisimani. Mama Mkamburi, mzee wa kanisa, alilitazama lile pengo, akauliza, "Nani atatuzibia?" Wakajitokeza watatu.

Mghoi alikuwa na kumbukumbu. Picha ya dirisha haikuwepo popote, lakini tangu utotoni alilikodolea macho kila mahubiri yalipomchosha. Akalichora lote sakafuni kwa mkaa: mtungi, kamba, hata kidole cha mguu kilichochungulia chini ya vazi.

Mwakio alikuwa na jicho. Alizunguka akiokota chupa, akiziinua juani kupima rangi. Watu wakamcheka: "Mlevi gani huyu, anamaliza hata dawa ya kikohozi!"

"Cheka tu, shangazi," akajibu. "Hiyo uliyoshika ndiyo nywele za Msamaria. Nipe."

Malemba alikuwa na mkono. Alizilaza chupa katika tanuri lake la matofali mpaka zikalegea zikawa bapa, akazikata kwa kuufuata mkaa wa Mghoi. Vidole vyake vilichanika. Kioo hakikupata ufa.

Ikabaki pembe moja tu, na kipande kimoja cha buluu. Saruji ilikuwa imeshapakwa, ikianza kukauka.

"Haya, wanangu," akasema Mama Mkamburi, "alama ya nani?"

"Ya mama," akasema Mghoi. "Matope hayakumrudisha. Wenzangu wana makaburi ya kupalilia. Mimi nina nini?"

"Ya kaka yangu," akasema Mwakio. "Alikuwa ameshaokoka. Akarudi kupiga kengele ili mwamke. Mlima ukamkuta ameishika kamba."

Malemba akafuta damu vidoleni. "Ya mwanangu. Alizaliwa siku ile, akafa kabla hatujampa jina. Mama yako, Mghoi, tunamtaja. Kaka yako, Mwakio, tunamwimba. Wangu anajulikana na watu wawili tu, mimi na mamaye."

Watatu, aliwaza Mama Mkamburi, kwa kuwa yeye ndiye mkunga aliyempokea mtoto yule. Na kengele ile ndiyo iliyomtoa kitandani. Na yeye na mama yake Mghoi walikuwa wakiketi benchi moja, wakigawana kitabu cha nyimbo.

"Hakigawanyiki?" akauliza.

"Kikikatwa mara tatu kitakuwa chembe," akasema Malemba. "Mtoto hataiona, wala hatauliza."

"Basi, bila mchoro wangu ungekata nini?" Mghoi akamgeukia.

"Na bila chupa zangu, dada, mchoro wako ungefagiliwa Jumamosi," akadakia Mwakio.

"Na bila tanuri langu, Msamaria angekuwa gunia la chupa."

Wote walisema kweli, ndiyo maana hakuna aliyenyamazishwa. Mama Mkamburi alikishika kile kioo, rangi ya buluu ikamwagika kiganjani mwake. Akaigusa saruji kwa kidole. Ilikuwa bado laini, lakini si sana.

"Sema, Mama," wakamwambia. "Utakalosema tutalikubali."

Akafumbua kinywa, akawatazama mmoja mmoja, akakifumba.

Sasa nyinyi mliosikia, msimwache peke yake na saruji inakauka. Aliyekumbuka, aliyeona, au aliyekata: dirisha ni la nani? Na kesho mtoto akinyoosha kidole pembeni kuuliza, mngependa asimuliwe habari za nani?