Mize na Mifupa ya Mumewe

Sogeeni, jamani, niwape kisa, nanyi semeni, "Tupe!"

Palikuwa na Mize, mwanamke aliyekuwa fundi wa kuunga mifupa. Siku moja zimwi lilimkamata mumewe, Makame, likamtenganisha kwa uchawi, mifupa huku, misuli kule, kano na ngozi pale. "Muunge kabla jua halijatua," likacheka, "la sivyo namla!"

Mize akapanga mifupa, fuvu hadi vidole. Alipoiinua, ikaporomoka. Akaifunga kwa kano kwenye viungo. Ikasimama, lakini haikutikisika. Akabandika misuli mbele ya mikono na nyuma ya mapaja. Mikono na magoti vikakunjika, ila havikunyooka tena.

"Jua linazama, bibi!" zimwi likanguruma, likilamba midomo.

Mize akakunja mkono wake mwenyewe na kuupapasa. Msuli wa mbele ukavimba. Akaunyoosha mkono, wa nyuma ukakakamaa.

"Kumbe msuli huvuta tu, hausukumi!" akapaza sauti. "Kila mmoja una mwenzake wa kuvuta upande wa pili!"

Akabandika misuli iliyobaki, nyuma ya mikono na mbele ya mapaja. Ngozi ikamrudia Makame, akajinyoosha, akainuka, akalibeba zimwi juujuu na kulitupa bondeni. Kisha akambeba mkewe begani, wakarudi kwao wakiimba. Nilipowaacha, kijiji kizima kilikuwa kinacheza.