Mazishi ya Friji la Bi Bata

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa friji.
— La nani?
La Bi Bata, na samaki wa harusi tumboni.
— Haya, tupe!

Bi Bata alikuwa anamwoza binti kesho yake, na samaki wa karamu wote walikuwa kwenye friji. Friji lenyewe alilipenda mno. Alilibana ukutani kando ya makochi, akalivisha vitambaa vya kufuma juu, ubavuni, mpaka mgongoni. Siku hiyo likaunguruma ngrrr, ngrrr, kisha kimya. Maji yakadondoka mlangoni, ti, ti, ti. Bi Bata akaangua kilio.

Mjusi wa ukutani akamwonea huruma sana. Tangu friji livishwe vitambaa, mgongo wa friji ulikuwa ukimuunguza miguu, kwa hiyo alijua ugonjwa uko wapi. Ila kabla hajafungua mdomo, Fisi alishafika, bisibisi mkononi kama fundi, pua mlangoni mwa friji: fnf, fnf, fnf!

"Pole, Bi Bata. Limekufa."

"Yalaa! Na samaki wangu?"

"Ujira sitaki. Ila mzishi huondoka na marehemu pamoja na vilivyo tumboni."

Bi Bata, akili zimemruka, akakubali.

Mjusi alijua akimwita Fisi mwongo atamezwa. Akashuka taratibu.

"Shikamoo, mjomba Fisi. Marehemu anazikwa bila kuoshwa? Majirani watasemaje?"

Fisi, mla ubwabwa wa kila msiba, akaogopa kutoalikwa tena. "Anaoshwaje?"

"Chomoa waya kwanza." Akachomoa.

"Mvue nguo." Akavua vitambaa.

"Msogeze mbali na ukuta." Akavuta, hiii-ya!

"Mpanguse mgongo." Vumbi likamjaa puani, chyaa!

"Samaki watie kwenye beseni. Barafu iache iyeyuke yenyewe, usiichokoe kwa kisu utamtoboa. Ikibanduka, wafunike nayo." Akangoja, akafunika, mate yakimchuruzika.

"Mpira wa mlango uoshe kwa sabuni, mdomo ufumbe vizuri." Akaosha.

"Sasa rudisha waya, tumuage."

Fisi akachomeka. Kimya. Bi Bata akafumba macho.

Ngrrr... ngrrrrrr!

Baridi ikaanza kurudi! Bi Bata akapiga kigelegele, majirani wakajaa mlangoni, samaki wakarudishwa ndani wazima wote.

"Basi nipeni samaki wangu!" Fisi akafoka.

Mjusi alishapanda ukutani. "Chukua, mjomba. Ulisema ni haki ya mzishi. Haya, umemzika nani?"

Fisi akalitazama friji. Akawatazama majirani. Akaokota bisibisi yake, akaondoka na njaa yake.

Ngano yangu naifunga mlango hapa. Atakayeifungua asiuache wazi.

Na funzo lake, wanangu: friji likigoma, msihangaike na wanaojua. Tafuteni mwizi mwenye nguvu, mumwambie ni msiba.