Ng'onda ya Mjomba Fisi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Chungu kiko wapi?"
"Kiko mekoni!"
"Nani anakichungulia?"
"Mwenye njaa!"

Basi sogeeni. Na wewe unayelamba kidole, kanawe kwanza.

Hapo kale alikuwapo Nguchiro. Figo zake ziliharibika zote mbili, dada yake akampa moja ya kwake, Daktari Korongo akampandikiza. Nguchiro akapata nafuu. Lakini Korongo akamwonya: kula cha moto, kilichoiva sawasawa, chumvi kidogo tu, viporo usiguse. Ukifanya mchezo, figo ya dadako utaipoteza.

Kila mchana dada mtu alimchemshia samaki wa siku ile na mchicha. Nguchiro alikula, akashukuru, akatamani ng'onda. Ee, ng'onda! Papa mkavu aliyekolea chumvi, akaungwa kwa nazi! Aliiota. Aliililia, kweli kabisa, machozi yakamtoka.

Fisi akasikia kuna mgonjwa anapikiwa. "Hodi! Nimekuja kumjulia hali mgonjwa!" Na mgeni hupakuliwa kwanza. Gubu, gubu, gubu! Chungu kitupu. Kesho yake, hodi! Gubu, gubu, gubu! Chungu kitupu. Nguchiro akashinda na njaa, na dada mtu akaona haya kusema.

Mara ya mwisho Fisi akaja na kipande cha ng'onda.

"Mpwa wangu, wewe kula hiki kitamu. Mimi nitakusaidia hayo ya kuchemsha."

Harufu ikampanda Nguchiro puani, mate yakamjaa. Akamtazama dada yake, anapuliza moto huku amejishika ubavu. Akayameza mate.

"Kula, mjomba, kula umalize," akasema. "Korongo anamtafutia Tembo figo. Kaniambia nimwangalizie mwenye afya, anayekomba chungu asiumwe tumbo. Leo anakuja kunipima."

Fisi akaacha kutafuna. "Figo moja?"

"Kwa Tembo yule, mjomba? Zote mbili."

Ko, ko, ko! Mdomo wa Korongo mlangoni. Fisi dirishani, puu! Akatimua mbio, puru, puru, puru, ng'onda kaiacha.

Korongo akampima Nguchiro, akasema figo inakwenda vizuri, akaenda zake. Ng'onda ikabaki mkekani. Nguchiro akainusa. Akainusa tena. Kumdanganya Fisi ilikuwa kazi ndogo. Ulimi wake mwenyewe haudanganyiki.

"Kula wewe, dada," akasema. "Lakini kaa karibu yangu."

Dada mtu akala polepole. Nguchiro akakamulia ndimu samaki wake wa kuchemsha, akawa akinusa, anakula, akinusa, anakula.

Hadithi imeiva, nimeipakua; ukoko gombanieni wenyewe. Na funzo lake ni hili: mgeni akija, mpe chungu kizima, wala usimtajie habari za figo. Tena ng'onda haina utamu wowote. Nguchiro mwenyewe ndiye aliyeniambia, huku anameza mate.