Somo wa Mtoto wa Chausiku

Hapo zamani, si zamani ya mababu, ni zamani hii ambayo simu zilishafika mlimani na barabara bado, Salha alisimamia kikundi cha wanawake waliojitolea kubeba wajawazito kwa machela hadi zahanati ya bondeni. Mshahara hakuna. Aliyechoka aliaga akaenda zake, na Salha hakuwa na cha kumzuia. Wakabaki wawili, Pili na Zaituni.

Asubuhi moja walimfikisha Chausiku zahanati, akajifungua salama mtoto wa kike.

"Dada Salha," akasema, "aliyeniokoa ndiye somo wa mwanangu. Nitajie, nimpe mtoto jina lake."

Salha akatoka nje kuuliza. Heri asingeuliza.

"Mimi," akasema Pili. "Tangu tuanze, umeniita lini nisije? Leo nimembeba toka kwake hadi mtoni, goti likafura hivi."

"Na mtoni ukamweka chini," akadakia Mwanahamisi, mmoja wa wale walioaga. "Nani alimvusha na kumfikisha hapa? Mimi niliyejitoa, niliyeapa sirudi! Nimesikia anavyolia, nikawaachia nyani mahindi yangu."

Zaituni akacheka. "Mngembeba nani, mashoga, na mama mkwe wake kaziba mlango? Pili ulisimama uani kama nguzo. Mimi ndiye niliyembembeleza yule bibi mpaka akatupisha."

"Wewe mdomo tu," akasema Pili. "Bega lako halijui machela."

"Na bega lako lingebeba mlango?"

"Basi apewe langu," akatania Salha, "nimeshika mbele njia nzima." Hakuna aliyecheka.

Simu ikalia. Huko juu mwanamke mwingine ameshikwa na uchungu, damu inamtoka, na mumewe hataki atolewe nyumbani.

Salha akainama, akashika mbele ya machela. Nyuma hapakushikwa.

"Twendeni, jamani."

"Taja kwanza," akasema Pili. "Hatulipwi. Hata jina tunyimwe?"

Salha akawatazama. Akimtaja Pili, Mwanahamisi atarudi kwa nyani wake, na goti lile halipandi mlima. Akimtaja Mwanahamisi, Pili atauliza uaminifu wake ulikuwa wa nini. Na Zaituni akinuna, nani atasema na yule mume?

Simu ikalia tena.

Haya, mnaonisikiliza: machela iko chini na damu haingoji. Je, nani alistahili kuwa somo wa mtoto yule?