Nyevu na Kata ya Kwanza

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo nimewategea.

Ndani ya figo la Bi Sidi, mvuna chumvi, mna mji wenye ukuta wa mafuta. Maji na mafuta mwajua hayaelewani. Ndiyo maana yupo Nyevu, protini ambaye mwili wake ndio mlango: maji hupita kifuani pake kwa mstari mmoja. Lakini Bi Sidi akishiba maji, Nyevu huondolewa ukutani na kufungiwa ghalani, jambo analolichukia mno.

Siku hiyo Bi Sidi alisahau dumu lake nyumbani. Jua likamkausha, akaanza kupepesuka njiani, na maji machache aliyobaki nayo yakawa yanajiendea kwenye mkojo.

Tarishi akaja mbio kutoka ubongoni. "Mwamsheni Nyevu, mama anaanguka."

Hamali akambeba Nyevu mgongoni hadi ukutani, akampachika. "Kazi kwako, dada."

Chumvi, akaaye nyuma ya ukuta, upande wa damu, akayaita maji. Maji hayawezi kumkatalia Chumvi. Yakaanza kupita kwa Nyevu, yakirudi kwenye damu. Basi Chumvi, kwa pupa zake, akashindwa kusubiri.

"Nipishe, dada, niyafuate huko huko."

"Hupiti."

"Kwani mimi na maji si ndugu?"

"Hata mngekuwa mapacha. Ukitoka huko, nani atayavuta?"

Chumvi akamtukania ukoo mzima. Kifua kilimuuma Nyevu, lakini alikaza. Liwalo na liwe, akajisemea.

Bi Sidi akafika kisimani kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa, desturi ya mji ule ni kwamba kata ya kwanza ya maji anayokunywa mama hupewa jina la aliyemwokoa, mmoja tu. Nyevu aliitaka kwa moyo wote, kwani aliye ghalani hakumbukwi na mtu.

"Bila habari yangu mngelala fofofo," akasema Tarishi.

"Habari haina mgongo," akajibu Hamali. "Nani alimbeba Nyevu?"

Chumvi akacheka. "Na nani aliyavuta? Huyu Nyevu alisimama tu."

Nyevu alijua ni kweli. Hakusukuma hata tone.

"Nilisimama," akasema. "Na wewe nikakuzuia. Ningekupisha, saa hizi tungekuwa matangani."

Hamali ameshainama ambebe Nyevu kumrudisha ghalani. Kata imechotwa, mama anaipeleka mdomoni. Haya, semeni upesi: wewe ungeiita kata ya nani?