Bi Mnandi na Bahari Iliyopoteza Baridi

Paukwa!

(Pakawa!)

Nyinyi wa nyuma mnaotafuna mihogo, sijawasikia. Paukwa!

(Pakawa!)

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale palikuwa na mwamba katikati ya bahari. Hauna mti, hauna jani. Una ndege tu. Ndege juu, ndege chini, ndege ubavuni, na kelele zao usiombe.

Hapo aliishi Bi Mnandi, yule ndege mweusi wa shingo ndefu, bingwa wa kupiga mbizi. Mumewe alikuwa ameliwa na papa. Alibaki na kinda mmoja, Kinandi, ambaye hata manyoya ya kurukia hajaota. Hakuwa na mwingine.

Mwamba ule ulikuwa na desturi. Kila asubuhi Bwana Shakwe, mwonja maji, alishuka ukingoni akatumbukiza mguu. Chubwi! Kisha akatangaza: "Baridi!" Ndege wote wakaguna. Upepo wa pale ulivuma bila kuchoka, na maji yalikata miguu. Basi wakauimbia upepo kwa hasira:

*Vuu-vuu, nenda zako!*
*Vuu-vuu, tuachie joto letu!*

Bi Mnandi naye aliimba, tena kwa sauti ya juu, maana Kinandi alitetemeka kutwa nzima. Samaki walijaa tele, lakini nani alishukuru? Walikula huku wakilalamika.

Asubuhi moja upepo ukanyamaza. Kimya. Shakwe akatumbukiza mguu, chubwi! Akauacha humo humo. Akafumba macho.

"Jamani! Maji ya kuogeshea mtoto!"

Vigelegele! Na desturi ikasema: bahari ikiwa na joto, kila kiota kiongeze mayai. Mwari, yule wa mdomo wa mfuko, akataga. Mke wa Shakwe akataga. Mwamba mzima ukataga. Bi Mnandi hakutaga. Msimsifu, ni vile tu hakuwa na mume.

Akaenda kuvua. Akazama, akaibuka mtupu. Akazama tena, mtupu. Maji yalikuwa matulivu, ya uvuguvugu, hayana hata dagaa mmoja.

Kiotani Kinandi akapanua mdomo. "Kwi, kwi, kwi! Mama, njaa!"

"Kesho, mwanangu."

Kesho ikaja, bahari tupu. Joto likazidi. Maji yakafuka, mawingu yakajaa juu ya mwamba, na mvua ikamwagika mahali ambapo hata manyunyu yalikuwa hadithi. Viota vingi vikasombwa. Mayai yakabingirika, po, po, po, hadi baharini. Mama zao walilia, na kilio cha ndege wengi kwa pamoja kinatisha.

Bi Mnandi aliogopa kuliko wote. Mnandi akitoka majini hutandaza mbawa akauke. Sasa jua liko wapi? Kila alipozama alitoka mzito zaidi, na kila alipotoka alirudi na mdomo mtupu.

"Kwi, kwi," akasema Kinandi. Alikuwa amepunguza kulia.

Shakwe akaitisha baraza. "Bahari imekufa. Tunahama."

"Na makinda?" akauliza Bi Mnandi.

"Wenye mbawa watatufuata."

"Na wasio na mbawa, Bwana Shakwe?"

Shakwe akakunjua mbawa.

Wakaruka. Frrrr! Wengine waliruka huku wakigeuka nyuma, wakalia, lakini waliruka. Mwamba uliojaa kelele ukawa kimya. Bi Mnandi alibaki, na ubavuni pake:

"Kwi."

Moja tu.

Hapo akakata shauri. Mbawa zikiwa zimelowa, akajitupa. Chubwi! Akashuka. Maji ya moto. Akashuka. Bado ya moto. Kifua kikambana. Akashuka kuliko alivyowahi kushuka, mpaka miguu ikamuuma. Baridi! Ile ile baridi aliyoitukana. Na ndani yake kitu kikameta. Tap! Akakidaka, akaibuka.

Alikuwa dagaa, mdogo, mnene. Tena ana maneno.

"Mama, usinimeze! Nina habari."

"Mm?" Hakufungua mdomo. Angefungua, mlo ungekwenda.

"Hujui kwa nini tumepotea? Niulize basi. Fungua mdomo kidogo uniulize."

"Mm-mm."

Dagaa akaona mambo magumu. Hofu ikamfanya aseme yote. "Hatujafa, mama, tumefuata baridi! Upepo ndio ulikuwa unafagia maji ya moto ya juu, unayapeleka mbali. Nafasi ikibaki, maji ya chini yanapanda, yanapanda na mbolea. Mbolea inaotesha vijimea vidogo vya majini, wadudu wanakula vijimea, sisi tunakula wadudu. Na nyinyi... nyinyi mnajua wenyewe. Upepo umelala, kwa hiyo maji ya moto yametufunika kama kifuniko cha chungu."

"Mmmm!" Bi Mnandi akaukumbuka wimbo wake, akaona haya.

"Wala si nyimbo zenu zilizoufukuza. Hauwasikii. Hulala miaka fulani, huamka. Bibi zetu waliliona jambo hili, na wajukuu zetu wataliona. Sasa niachie, nikuambie wenzangu walipo! Mguuni mwa mwamba, upande wa jabali jeusi, baridi bado inavuja pale. Niachie!"

"Mm," akasema Bi Mnandi kwa upole. Akaruka hadi kiotani, akamtia dagaa mdomoni mwa Kinandi.

Msinitazame hivyo. Mtoto alikuwa na njaa.

Tangu hapo alizama kwenye jabali jeusi. Siku nyingine dagaa wawili, siku nyingine hakuna. Alikonda akabaki shingo. Kila alipotoka majini alisikiliza kwanza kabla ya kutazama, akiogopa asiisikie ile "Kwi."

Kisha asubuhi moja unyoya ukatikisika mgongoni mwake. Vuu. Akadhani amekosea. Vuu-vuu! Upepo! Maji ya moto yakaanza kusogea, ya chini yakapanda, bahari ikageuka rangi, na dagaa wakameta hadi ukingoni.

Nyuma yake sauti ndogo ikalalamika: "Mama! Nasikia baridi!"

Bi Mnandi akalia. "Tetemeka, mwanangu," akasema. "Tetemeka tu."

Ndege wakarudi, wamepungua. Shakwe akasema alikokwenda mafuriko yalisomba milima, na ng'ambo ya pili ya bahari hata umande haukudondoka. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Mke wake alikipita kiota chao kitupu bila kutua.

Siku hizi mwonja maji ni Kinandi. Haonji ukingoni, anazama. Akisema "Joto," hakuna anayetaga wala kupiga kigelegele. Akisema "Baridi," mwamba wote unaimba:

*Vuu-vuu, usituache!*

Wanangu, na nyinyi watu wazima mnaojifanya hamsikii: msitukane kinachowasumbua kabla hamjajua kinawalisha nini. Na starehe ikija ghafla, ulizeni imefunika nini.

Hadithi yangu imeishia hapo mwambani. Nami narudi kwangu, na baridi yangu nimejifunika.