Mlisha Kina

"Wavuaji ni wengi, mlisha kina ni mmoja." Jana mlinisikia nikiyasema maneno hayo harusi ilipokwisha, pilau imeliwa, wageni wameaga, tumebaki wanawake wachache na lundo la sufuria. Nanyi vijana mkacheka, mkidhani nimeyatunga papo hapo ili niwaseme. Sikuyatunga. Nilikuwa nimechoka tu, na mtu mzima akichoka ulimi wake hukimbilia maneno ya waliomtangulia. Leo mmekuja kuniuliza yalitoka wapi. Haya, kaeni. Chimbuko lake ni hili, kama nilivyolipokea kwa mama yangu, naye alilipokea kwa mama yake.

Zamani, kabla mto Tana haujahama, kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya pili, pale ambapo siku hizi ni mchanga mtupu. Watu walilima mahindi na migomba, na waliovua walivua kwa ndoana. Mvuaji aliyewapita wote alikuwa Hiribae Komora, mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Wenzake waliweza kushinda ukingoni kutwa nzima wakarudi na visamaki vya kumpa paka. Hiribae alirudi na kambare wawili au watatu, kila mmoja mrefu kama mkono wa mtu mzima. Na hakuna aliyejua aliwatoa wapi.

Alificha, na alificha kweli. Aliingilia mashambani, akazunguka, na akikutana na mtu njiani aliketi chini akajifanya anatoa mwiba. Jambo hilo liliwaudhi watu. Barazani lilijadiliwa mpaka likachosha masikio. Kuna waliosema mto ni wa Mungu, hakuna aliyeuchimba kwa jembe lake, kwa hiyo anayeficha mahali penye samaki anaficha riziki isiyo yake. Wengine wakajibu kwamba aliyetafuta ndiye aliyepata. Mbona hakuna anayekwenda kurina asali kwenye mzinga wa jirani? Maneno hayo hayo nimeyasikia maisha yangu yote, juu ya visima, juu ya malisho, na sijaona bado baraza lililoyamaliza.

Lakini siri ya Hiribae haikuwa mahali. Mahali penyewe palikuwa kona ya mto kama kona nyingine, maji yamekula ukingo yakafanya kina. Siri ilikuwa kazi. Jioni mkewe, Hadulu, alipomaliza kutwanga, Hiribae alichukua pumba, akazichanganya na ndizi zilizooza na udongo wa mfinyanzi, akafanya madonge mazito, akaenda kuyazamisha pale kinani. Udongo ulizishika pumba zisichukuliwe na maji. Samaki walikula, wakazoea, wakakaa. Siku nyingi hakutupa hata ndoana, alilisha akarudi. Alifanya hivyo masika na kiangazi, mgongo unamuuma, na Hadulu akimnung'unikia kwamba kuku wake wanakonda huku samaki wasio na mwenyewe wananenepa.

Ukaja mwaka wa ukame. Mahindi yalinyauka kabla ya kubeba, migomba ikainama. Nyumba nyingi zilipika mara moja kwa siku, na nyingine hazikupika. Nyumba ya Hiribae ilisimama kwa sababu ya kile kina, si kwa kitu kingine. Ndipo alipokuja Jilo Buya, kaka yake Hadulu, mwenye watoto wengi na wote wadogo.

"Shemeji," alisema, "sikuombi samaki. Ukinipa leo, kesho nitarudi, na kesho kutwa nitaona haya kurudi. Nionyeshe mahali."

Hiribae alimtazama mkewe. Hadulu hakusema usimwonyeshe. Alisema tu kwamba watoto wa kaka yake ni watoto wake, lakini kile kina ndicho ghala lao, na ghala likishafunguliwa halimjui aliyelijaza. Akarudi jikoni.

Siku iliyofuata Hiribae alimpeleka shemejiye. Alimwonyesha kona, akamwonyesha na madonge, namna ya kuyafinyanga na mahali pa kuyatupa. Akamwambia, "Anayetoa samaki hapa arudishe chakula. Leo mimi, kesho wewe. Tukiacha, hawa wataondoka. Hawana undugu na sisi." Jilo aliapa kwa watoto wake, na nadhani aliapa kwa moyo safi.

Ila harufu ya samaki haizuiwi na ua. Jirani aliisikia, akauliza. Na wewe utamnyimaje jirani, watoto wake wamesimama mlangoni wanakitazama chungu chako? Jilo akamwambia huyo mmoja, huyo naye alikuwa na ndugu, ndugu naye alikuwa na rafiki. Muda si muda ukingo ulijaa watu. Hiribae hakugomba. Aliwakusanya akawaeleza habari ya madonge kama alivyomweleza Jilo, na wote wakakubali. Wazee wakapanga zamu nyumba kwa nyumba, wakasema kidole kimoja hakivunji chawa, wakapongezana.

Mwanzoni madonge yalikuwa mengi hata maji yakabadilika rangi. Kisha nyumba moja ikaruka zamu yake, ikafuata nyingine. Siwalaumu sana. Njaa ilikuwa imefika mahali pabaya, na pumba hazikuwa tena chakula cha kuku. Wanawake walizichekecha wakazikorogea uji. Ni mama gani atautupa mtoni uji wa mtoto wake? Kila mmoja alisema konzi yake moja haitaonekana, wenzake watapeleka. Wakategeana hivyo hivyo, bila ugomvi wala ubaya, na zamu ikafa.

Akabaki Hiribae. Pumba za nyumba yake, ambazo Hadulu naye alizihitaji, ziliendelea kwenda majini. Alipofika kuvua alikuta ukingo umejaa, mahali pake pamekaliwa, na mara nyingine alirudi mikono mitupu kutoka kwenye kina alichokilisha mwenyewe. Waliokuwa wameketi pale walimsalimu kwa heshima, lakini hawakusogea.

"Unalisha kijiji kizima kwa chungu changu," Hadulu alimwambia.

"Nikiacha mimi, basi tena," alijibu.

Hadulu akarudi kwenye kinu chake. Mama yangu alikuwa akisema kwamba mwanamke yule alikuwa amechoka kwa ajili ya watu wawili, yeye na mumewe, maana mumewe hakujua bado kwamba amechoka.

Mwili wa Hiribae ndio uliojua kwanza. Homa ilimwangusha, akalala, akawa hawezi hata kuketi. Siku zikapita bila donge hata moja kuingia majini. Samaki walipungua, wakawa wadogo, mwishowe ndoana zikawa zinatoka kama zilivyoingia. Ndipo wanaume wa kijiji wakaja nyumbani kwa mgonjwa, wakiongozwa na Jilo. Hadulu alipowaona alifurahi kidogo, akadhani wamekuja kumjulia hali mumewe. Akawatandikia mkeka.

Walimpa pole, wakauliza homa imeanza lini. Kisha Jilo akajikohoza.

"Shemeji, tumeshauriana. Pale hapana kitu tena. Tunajua unacho kina kingine. Umewahamishia wapi samaki?"

Hiribae aliomba maji, akanywa polepole. Halafu akauliza, "Tangu nilipolala, nani amepeleka madonge?"

Walitazamana. Mmoja alisema alidhani ni zamu ya nyumba ya Jilo. Jilo alisema alidhani wale wa upande wa juu wamepeleka. Wa upande wa juu wakatazama chini.

"Hakuna kina kingine," Hiribae aliwaambia. "Ni kile kile nilichowaonyesha. Miaka yote nilikuwa naona vibaya kuwaficha, nikasema sasa na wao waone. Kumbe mlichokiona ni maji tu. Wavuaji ni wengi, mlisha kina ni mmoja. Na huyo mmoja amechoka."

Waliondoka. Huko njiani, inasemekana, wako walioendelea kunong'ona kwamba mzee ana kona nyingine na uchoyo wake haujaisha. Hadulu aliukunja mkeka wake akalia, si kwa sauti.

Mvua ilichelewa sana. Watu walichimba mizizi, wakala matunda ya porini, na nyumba ya Hiribae ilikula hayo hayo, kwa kuwa ghala lake lilikuwa limekwisha pamoja na la wengine. Najua mnataka kuniuliza kama alikosea kuwaonyesha. Nimelifikiria jambo hilo tangu nikiwa na umri wenu. Watoto wa Jilo waliuvuka mwaka ule kwa samaki wa kina kile, na kati ya watoto hao yumo aliyemzaa nyanya wa baadhi yenu mliokaa hapa. Angeficha, nyinyi msingekuwepo kuniuliza. Na chungu cha Hadulu kilikauka, hilo nalo ni kweli, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Mimi siwezi kuyapima hayo mawili.

Hiribae alipona, ila hakuvua tena. Na hakuficha tena. Mtu yeyote aliyemuuliza mahali penye samaki, hata mpita njia, alimjibu waziwazi, barazani, shambani, popote alipokutwa: "Ni popote penye kina. Peleka madonge kila jioni msimu mzima, usitupe ndoana, kisha njoo uniambie." Siri haikuwa siri tena. Watu walimshukuru sana. Halafu walichukua mishipi yao wakaenda kuketi ukingoni, wakayatazama maji.

Mpaka anakufa, hakuna aliyekuja kumwambia. Wavuaji ni wengi, wanangu. Mlisha kina ni mmoja.